Hatukupiga kura, tulipangwa

Siku ya yenga, 3 Agosti 2025
Leo tulichagua prezida wa mutuelle yetu ya Panda, ile tunachangia ili itulipie hospitali. Tulichagua — ao tuseme nini? Zamani kila mutu alikuwa anaingia nyuma ya pazia na punje yake ya mahindi, anaiangusha ndani ya chungu cha anayemutaka. Leo Papa Barthélemy, aliye prezida tayari, ameondoa vyungu. "Anayenitaka ajipange nyuma yangu!" Mbele ya macho yake! Germaine, jirani yangu, akamutania: "Papa, hata mstari wa bomba la maji ni mrefu kuliko huu!" Watu wakacheka. Kisha Germaine naye akajipanga. Minye nilibaki kwenye kiti, mutoto wangu Bénie ananyonya.

Siku ya tatu, 6 Agosti
Umoja wa mutuelle zote — sisi, Kakontwe, Kakanda — umefunga mfuko wetu wa hospitali. Hakuna kura ya siri, hakuna msaada. Eti bila hivyo Papa Barthélemy hatasikia. Ni kweli. Lakini operesheni ya ngiri ya Bénie ilikuwa kesho! Hospitali inasema: ngojeni. Akilia, uvimbe unatoka. Naurudisha kwa kiganja, pole pole, kama sista alivyonionyesha.

Siku ya tano, 8 Agosti
Papa Barthélemy amepita hapa. Huyu ndiye alinikimbiza maternité na pikipiki yake, uchungu umenishika. Simuchukii. Kesho delegee, mujumbe wa Umoja, atakuja kutuuliza namna tulichagua. "Maman Bénie, weye sema tu tulipiga kura. Mahindi, mstari — si ni kitu kimoja? Mutoto atapasuliwa mara moja." Nilimumiminia chai.

Siku ya posho, 9 Agosti
Nimesema. Delegee, Maman Carine, aliuliza nani ataanza — nikasimama na mutoto mugongoni. "Hatukupiga kura, mama. Tulipangwa." Nikaongeza: "Lakini na ninyi, mumefunga mfuko, si prezida analia, ni huyu mutoto. Mubane prezida. Watoto waacheni wapite." Akasema atapeleka neno kwa wenzake. Hakuahidi kitu.

Sasa Papa Barthélemy yuko mlangoni. "Ni minye, Maman Bénie." Sauti ya chini — hasira? Aibu? Bénie ameitambua, anavuta kitenge changu: "Tata! Tata!" — hivyo anaita kila papa wa mtaa. Nimemujibu kutoka ndani: karibu, Papa, nafungua, lakini neno langu silirudishi.

Hajaondoka. Bénie ameishafika mlangoni, anaupiga kwa viganja — naacha kalamu, naenda kufungua.