Televisheni Yangu na Jicho la Mektrida

Jumatatu, 6 Mei
Televisheni imezima tena. Katikati ya taarifa ya habari! Mtangazaji kafungua mdomo ataje bei ya kahawa – giza. Nimeipiga kofi la ubavuni. Ikawaka, ikazima. Taa inawaka, na kwa jirani yangu Mektrida, ng'ambo ya ua, televisheni inameremeta. Basi umeme upo.
Mkamwana wangu Joyness anasema ni uzee, tununue hizi nyembamba za kisasa, flati. Flati ni karatasi! Hii aliinunua marehemu mume wangu kwa kahawa yake mwenyewe, ina kisogo kama ng'ombe. Na uzee ndiyo nini? Mimi nimezima?

Jumanne, 7 Mei
Mvua tu. Kimea cha ulezi cha mbege, pombe yetu, nimekianika juu ya televisheni tangu wiki iliyopita, pana joto zuri. Jikoni kingenuka moshi. Lazima kikauke, Jumamosi ya wiki ijayo watu wa Holili wanakuja kumposa mjukuu wangu Evelyn. Bila mbege watatuona watu gani? Pipa ni la Mektrida, na mkono wa kupika ni wake. Mbege yangu mimi huwa chachu – hilo naliandika hapa tu.
Mektrida kapita kutazama kimea. Akasema, "Mama Hosea, televisheni yako haichoki jamani!" Hajafika barabarani – pu! Imezima.
Jicho la husuda hilo. Nimeliona.

Jumatano, 8 Mei
Nimeipeleka mjini, mtaa wa Soweto, kwa fundi Wilson. Kwenye bodaboda nimeikumbatia kama mgonjwa. Shikamoo yake nzuri, bisibisi yake ndefu, ila hakufungua hata skrubu moja. Kaiwasha, kaangalia mpira. Mchana kutwa haikuzima!
"Bibi, hii ni nzima. Tatizo liko huko nyumbani kwako."
Nyumbani kwangu! Nimemwelewa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeirudisha mahali pake, na kimea changu juu yake. Jioni jumuiya imesali hapa. Tukawasha tufuate rozari – fungu la pili, giza. Na nani kakaa mbele kabisa na miwani yake? Mektrida.
Nikasema. Chai iko mezani, mwenyekiti yupo, nikasema: humu kuna macho yanazima vitu vya watu, hata fundi kasema.
"Unanisema mimi, Mama Hosea?"
Nikamwambia mwenye macho anajijua.
Akajifunga kitenge, chai kaiacha inafuka. Mlangoni akageuka: pipa lake Jumamosi ya posa lina kazi nyingine. Wenzetu wakaanzisha wimbo haraka haraka.

Ijumaa, 10 Mei
Imezima. Mektrida hajakanyaga hapa tangu jana. Sasa nani kaitazama?

Jumamosi, 11 Mei
Yesu na Maria!
Joyness kachomoa waya, kaiinamisha afute vumbi kisogoni – ulezi ukamiminika. Ulezi wangu! Umepenya kwenye vile vitundu vya nyuma, umejaa tumboni, mwingine una mizizi. Joyness akakaa chini kwa kicheko.
"Mama, hii televisheni inapika mbege!"
Anasema ilikuwa haipumui, ikipata joto inazima. Kwa fundi haikuwa na mzigo kichwani. Nimemwambia afunge domo lake. Tumeutoa wote, nimeiwasha kichwa kitupu. Tangu saa sita inawaka. Inaongea, inaongea! Laiti ingezima hata mara moja, jamani.

Jumapili, 12 Mei
Kanisani Mektrida kakaa benchi la mbali. Wakati wa kutakiana amani nimenyoosha mkono. Amani yake kampa nguzo.
Pipa la kuazima halipo kwingine, nimeuliza. Joyness anasema nipeleke jani la isale. Mchagga akiletewa isale hakatai msamaha. Ananifundisha mimi! Nimeletewa mangapi? Kulipeleka ndiyo sijawahi. Akataka alipeleke yeye. Nikamwambia miguu ninayo.
Nimelikata mpakani mwa shamba, nimelipiga fundo. Liko hapa mezani. Kitambaa cha kichwa nimebadili mara mbili.
Namwona dirishani. Yuko uani kwake anakunja shuka. Kalikunja. Katazama huku. Kalikunjua, analikunja tena. Ngoja amalize, ndiyo nitoke.
Huyu mama! Kalikunjua tena –