Tuta Moja la Saladi kwa Ajili ya Hakimu

Leehoek 22,
De Lier.
11 Machi 1985

Mpendwa kaka Huib,

Hujambo, na Greet na watoto hawajambo? Theluji ya huko Kanada imeanza kuyeyuka? Sisi tunaamka, tunakula, tunashukuru. Mimi magoti yananisumbua, na kifua cha Baba hakijapona tangu Krismasi, ingawa ukimuuliza atakuambia yu buheri wa afya.

Najua utauliza habari za kesi ya mgodi. Haijaisha, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Unakumbuka mawakili walivyobishana miaka mitano mizima, kama tushtaki kule ng'ambo ya mpaka mgodi unakomwaga chumvi mtoni, au huku chumvi inakotufikia? Hilo tulishinda, tukala keki. Sasa tunatakiwa kuthibitisha hasara, na hapo ndipo Baba alipotukwamisha.

Wataalamu wa mahakama walikuja Oktoba, wakaingia kwenye nyumba ya vioo tunamolimia, wakakuta saladi imenawiri. Si unamjua Baba? Kila asubuhi huonja kwa ulimi maji ya mtaro yanayotoka mtoni, na akihisi chumvi huyachanganya na maji ya mvua aliyokinga kutoka paani. Jirani yetu Koos aliacha saladi yake iungue, na leo ana cha kuonyesha. Baba hana. Nilipomlaumu alinijia juu: "We Neeltje, niue mimea yangu ili hakimu afurahi? Mkulima gani huyo!"

Wakili wetu, Bwana Sluimer, akamwambia, "Mzee, bidii yako ndiyo shahidi wa mgodi."

Wataalamu wakaahidi kurudi Februari. Basi Desemba Baba alitenga tuta moja, lile la karibu na mlango, akalinywesha maji ya mtaro matupu. Majani yakaungua kingo, kisha yakawa kahawia. Kila akipita hapo aligeuza uso, kama mtu aliyemnyima mgeni chakula. Nililia, Huib, sikufichi. Kesi hii imenichosha hadi nikimwona tarishi natamani kujificha.

Siku ikafika, kahawa tayari, biskuti moja moja kama ilivyo ada yetu. Hawakuja. Walipiga simu kwamba upande wa mgodi umeomba muda wa kusoma karatasi upya, kwa hiyo watakuja Mei.

Nilidhani Baba atatukana. Alimaliza kahawa yake, akang'oa tuta lile lililokufa. Wiki iliyopita akapanda miche mipya palepale, kisha akanikabidhi ndoo ya maji ya mtaro. "Hili utalinywesha wewe, mwanangu. Mimi mara ya pili siwezi."

Nimekubali. Ningefanyaje? Anataka kuisikia hukumu kabla hajafa, na mimi nataka aisikie.

Msalimie sana Greet, na umbusu Wim na Marijke kwa niaba ya shangazi yao. Shangazi Jaapje anakusalimu. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ingawa nimechoka,
Neeltje

Nyongeza: Asubuhi hii, kabla sijafunga bahasha, nimekwenda na ndoo yangu nikakuta tuta limeshalowa. Nimechovya kidole kwenye kidimbwi, nikaonja. Ni maji ya mvua. Baba yuko jikoni anakohoa, na sijamwambia neno.