Goti Langu Limepona kwa Bangi, Kanisa Linasema ni Maombi

Mpendwa Rakhali, shangazi wa sisi tusio na shangazi wa kumwambia, nishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimeingia mahali ambapo nikisema ukweli naaibika na nikinyamaza mtu anaweza kufa, na tafadhali usiandike jina langu, wala usiandike kwamba mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kanisa ya kupiga vita bangi huku milimani Mokhotlong, kwa sababu mwenyekiti ni mmoja tu na watu watajua.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka kumi na moja nimesimama mbele ya kanisa na sare yangu ya akina mama nikisema bangi ni mkia wa shetani, ukiushika anageuka, na polisi walinipa cheti ambacho nimekitundika juu ya runinga. Mwaka jana nilikwenda kituoni kwa miguu yangu nikamtaja 'Mathakane, mwanamke wa rika langu, aliyekuwa na miche kumi na minne nyuma ya zizi lake, wakaing'oa, wakaichoma, na yeye akalala rumande siku sita, na huyo 'Mathakane, Rakhali, ndiye mama mzazi wa Relebohile, mke wa mwanangu, ninayekaa naye nyumba moja. Mpaka leo hakuna anayejua kwamba aliyesema ni mimi.

Sasa magoti. Kipupwe kilichopita, theluji ilipoanguka, magoti yalinikataa kabisa, nikawa nashuka kitandani kama watu wanaoshusha kabati, na vidonge vya kliniki vikaniunguza tumbo. Relebohile anafanya kazi kwenye lile shamba la uzio bondeni, lenye kibali cha serikali, ambako bangi inalimwa ndani ya mahema na kupelekwa ng'ambo kutengenezwa dawa. Alinitazama siku tatu, ya nne akaja na kopo la mafuta ya kupaka na kichupa kidogo.

"'M'e, mama yangu, hii upake asubuhi na jioni. Hii nyingine matone mawili chini ya ulimi, ukishapanda kitandani. Mawili, 'M'e, si matatu."

"Ni nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"'M'e, unataka kujua au unataka kutembea?"

Rakhali, nilitaka kutembea. Harufu niliijua palepale, pua yangu ni ya kamati, lakini wiki ya pili nilipanda mlima kuchota maji bila fimbo, nikalia njiani kwa furaha. Nilipomuuliza kama ameyaiba kazini alicheka. "Kule wanatupekua mpaka soksi. Haya anayapika mama, na mafuta ya kondoo. Amepanda tena." Nikajua kwamba ninajipaka bustani ile ile niliyoichomesha.

Hapo ningenyamaza yangekwisha, lakini akafariki mzee mmoja, Ntate Mohlouoa. Makaburi yetu yako juu sana, nikaogopa njia, nikaona matone mawili ni ya watu wasio na safari, nikanywa kijiko kikubwa kizima cha dawa ile. Nilipofika juu milima ilikuwa inapumua. Wakaniita niseme maneno machache juu ya marehemu, nikasimama, macho yakamwangukia Ntate Lebusa, mzee wetu wa kwaya, amekaa mstari wa mbele kofia magotini, na sijui ilikuwaje, Rakhali, nikamzika yeye. Nilimlilia dakika arobaini. Nilisifu farasi wake watatu, nikasifu besi yake, nikamsamehe kwa mbuzi wangu aliyemchinja bila kuniuliza, nikamwombea njia nyeupe. Mjane wa marehemu akanivuta blanketi.

"'M'e, mume wangu ndiye huyu kwenye jeneza."

Nikamjibu, "Na huyu naye anakuja."

Hakuna aliyecheka. Ntate Lebusa alilia mpaka akashikwa mabega. "Watu husifiwa wakiwa hawasikii," akasema, "mimi nimesikia sifa zangu zote." Tuliposhuka ilikuwa imeshakubalika kwamba nimepewa unabii, na Jumapili Ntate Moruti, mchungaji wetu, akatangaza kwamba magoti yangu na ulimi wangu vimeguswa kwa maombi. Aliniita mbele nitoe ushuhuda, nikaruka mara mbili waone, wakapiga vigelegele.

Kuanzia hapo wazee wakaanza kuja nyumbani na magoti yao, na viuno, na mabega. Ningesema nini? Niliwaombea kidogo na kuwapaka sana, na kopo likiisha namwomba Relebohile jingine nikisingizia magoti. Sasa akina mama wa kamati yangu yote wanatembea kama vijana na wote wananuka, na kila mmoja anadhani ni mwenzake. Katibu alinisogelea kikaoni akaninong'oneza, "Mwenyekiti, humu ndani kuna mvutaji." Nikamwambia tukeshe tukiomba.

Ntate Lebusa naye alikuja, nikampa kichupa kizima. Anameza vidonge vya presha, Rakhali, nami nilijua, na sikuuliza. Jumapili iliyopita aliinuka kuimba ubeti wa pili akaanguka kama gunia la mahindi. Kliniki nesi akamuuliza, "Ntate, umekunywa kitu gani zaidi ya vidonge?" Akajibu, "Maombi." Nesi akaandika kwenye kadi: maombi. Wakamrudisha nyumbani, na akisimama bado kizunguzungu kinamshika. Nilikwenda kumwona, kichupa kiko chini ya mto, anaendelea, na siku hizi hahesabu matone. Aliniambia, "'M'e, nikifa kweli usitunge mapya, yale ya kwanza yanatosha." Nikaondoka, kichupa nikakiacha chini ya mto.

Na Jumamosi kamati inatoka kuchoma bustani. Orodha aliyoiandika katibu iko mezani kwangu nyumbani inasubiri saini, na jina la kwanza ni 'Mathakane, na akikamatwa mara ya pili hawatamwachia baada ya siku sita tu. Jana Relebohile, ambaye ameiona, alinipakulia papa, ugali wetu, na mboga za moroho, akakaa mbele yangu akasema, "'M'e, hivi ni nani anayemchukia mama yangu kiasi hiki?" Nikamwambia chakula kinapoa. Nifanye nini, Rakhali? Nikisema, kanisa litanicheka mpaka kaburini, mwanangu atanihama, na wale wazee wataona nimewadanganya mbele ya Mungu, na nisiposema, wewe mwenyewe unaona.

Mimi, mtumishi aliyejifunika blanketi.

*

'M'e,

Barua yako ilifika Jumanne na basi la asubuhi, na sikungoja gazeti lichapwe. Namba ya simu ulikuwa umeiandika nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa, wewe unayetaka kufichwa. Nikapiga. Wasomaji nao wasikie tulivyosemezana.

"Ntate Lebusa bado ana kile kichupa?"

"Bado, Rakhali."

"Na wewe uko wapi?"

"Kwenye kikao cha kamati."

"Mnajadili nini?"

"Nani atabeba viberiti."

"Toka."

Ulitoka, na kwa hilo nakushukuru. Ulikwenda kliniki ukamwambia nesi kila kitu, naye akakufokea mbele ya foleni nzima, na ulistahili. Alikufuata kwa mzee, akachukua kichupa, akampima presha akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama, akakueleza kwamba mafuta yale yanaweza kushusha presha na vidonge vinaishusha pia, na vikikutana mtu akainuka ghafla, dunia inamkimbia. Jana jioni ulinipigia kwamba amekula, amesimama, hajayumba. Ukasema amekununia, anataka kujua kama sifa za farasi wake nazo zilikuwa za bangi. Mwambie farasi ni watatu, kila mtu anawaona.

Mzee amepona kwa bahati, wewe hujapona. Umewatibu watu usiowapima, kwa dawa usiyojua nguvu yake, ukaifunika kwa jina la Mungu ili mtu asiulize. Angekufa yule mzee, kadi yake ingesema ameuawa na maombi.

Najua wasomaji watauliza, Rakhali, kwani bangi ni dawa au ni sumu? Mimi si daktari. Nesi wako ameniambia ipo inayosaidia maumivu kwa baadhi ya watu, na wapo ambao haiwasaidii kitu, na wapo inaowavuruga vichwa, hasa vijana na wenye ugonjwa wa akili ukooni, na mjamzito asiiguse. Ndiyo maana kuna kupimwa, na kuulizwa unameza nini kingine, na kujibu ukweli. Magoti yako yamepata nafuu, sibishi. Beba kopo lako umpelekee nesi, muulize juu ya magoti hayo na tumbo lile. Kupaka wengine kumekwisha leo.

Ama sheria, unaijua kuliko mimi, maana umeitumikia kwa miaka kumi na moja. Mwenye kibali analima, asiye nacho anakamatwa, na 'Mathakane hana. Sitakuambia umfiche, wala sitakuambia ni haki kwamba jani lile lile liwe mzigo wa ndege bondeni na rumande huko juu. Kama unaona jambo hili limekaa upande, una kamati, una mhuri, una katibu mwenye pua: andikeni kwa mbunge wenu, mkadai wanawake wa milimani nao waonyeshwe njia ya kupata kibali. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyekiti. Kuchagua jirani wa kuchomewa si kazi ya kanisa.

Kwa hiyo orodha usiisaini, na uenyekiti uuache Ijumaa, kwa maandishi, bila kusingizia afya. Jumapili simama, useme magoti yako yalipona kwa kitu gani, na wale uliowapaka uwataje ni wangapi, ili kila anayemeza vidonge vya hospitali aende kliniki Jumatatu. Watacheka. Vumilia, kicheko hakivunji mfupa. Moruti akijaribu kukukatiza, ongeza sauti.

Lakini kabla ya kanisa kuna nyumba. Leo hii, Alhamisi, mkalishe Relebohile na mumewe uwaambie ni nani aliyekwenda kituoni. Wasiisome kwanza humu gazetini, maana majina nimeyabadilisha yote lakini farasi na jeneza siwezi kuvibadilisha. Wakihama, wasaidie kufunga mizigo.

Kesho alfajiri nenda kwa 'Mathakane. Nenda peke yako. Usibebe zawadi, usimchukue Moruti, usianze na sala. Atakufukuza pengine, atakutukana karibu hakika. Msikilize mpaka achoke. Akikuuliza kwa nini, usimtaje Mungu na usiwataje polisi. Sema, "Ni mimi niliyekutaja, na nilijua utakachofanyiwa." Kisha nyamaza, umwache aseme yeye.

Rakhali