Taa ya Kijani Nyuma ya Kabati

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini mgongo umepoa na lori halikusumbui huko barabarani. Mimi mzima wa mwili, ila kichwa kimechemka, na wa kumwagia ni wewe.

Kazi yenyewe unaijua. Ofisi yetu ya wapima ardhi ina ramani za miaka chungu nzima ndani ya kompyuta moja iliyochoka, na bosi alitaka nakala ya akiba ikae mbali na paa letu linalovuja. Nikajitia kimbelembele, nikasema kwa kaka yangu kuna sebule kavu. Ndiyo ile mashine niliyoiweka nyuma ya kabati lako, ili nitume ramani kwa mtandao.

Mtandao gani, kaka. Unakwenda kwa kubembelezwa. Faili ni kubwa, na likikatika katikati linaanza upya. Jioni naliacha limefika mbali, asubuhi nakuta mashine imezimika. Niligombana na watu wa mtandao mpaka wakaacha kupokea simu zangu. Halafu nikakugeukia wewe, nikakuandikia kwamba wanao wanachezea waya. Naomba radhi kwa hilo.

Bosi naye akaja juu, akasema mwezi ukiisha bila nakala, kibarua changu kitaota nyasi. Basi kila jioni nikawa nampigia Mama, maana ndiye anayeshinda sebuleni, nimwulize kama taa ya kijani inawaka. Ananiambia inawaka, kisha ananieleza habari za goti lake, kuku wa jirani, mjukuu aliyeng'oka jino. Namsikiliza nusunusu, macho kwenye kompyuta.

Juzi nikawa mbogo. Nikamwambia ikizimika tena, sina kazi. Akasema anayechomoa waya ni yeye, hakujua kama ni jambo zito hivyo. Akaniuliza, mzigo ukishafika wote, nitampigia tena lini. Kabla ya mashine hii, kaka, nilikuwa nampigia sikukuu hadi sikukuu. Nililia mbele ya wenzangu ofisini, wala sioni haya kukuambia.

Chini ya barua hii, humo kwenye boksi, kuna diski yenye ramani zote. Bosi alikuwa hataki, ati mizigo ya basi hupotea, nikambembeleza mpaka akachoka. Ichomeke kwenye mashine kama nilivyokuonyesha, inakili, kazi iishe. Ila Mama usimwambie kama imeisha. Najijua, nikikosa sababu nitarudi kulekule. Wewe acha taa iwake, nami nitapiga kila jioni kuuliza. Na siku akichomoa waya, mwache achomoe.

Nisalimie Shemeji na watoto, hasa yule wa jino.

Ni mimi mdogo wako,
Mtu wa Ramani