Tufe la Edam

Hoorn, 4 Februari 1641

Kaka Wiggert,

Nisamehe, nimekaa kimya tangu mavuno. Hujambo huko Leiden? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila Trijn anaota meno, nami nalala kama paka, jicho moja wazi.

Tangu mume wangu Sijmen apande meli ya kwenda Batavia, huko Mashariki ya mbali, darasa lake la uanamaji nafundisha mimi. Mabaharia sita, ndevu hadi kifuani. Sasa mtahini wa mji amesema akifeli hata mmoja mtihani wa usukani, mlango ufungwe, maana "darasa si jiko." Hesabu naziweza, unajua. Ila Sijmen aliondoka na tufe letu la dunia, na mmoja wao, Barent, haelewi ubaoni. Bandari mbili zikiwa latitudo moja, ati njia fupi ni kufuata mstari wa latitudo. "Mama mwalimu, si umenyooka?" Nitafutie tufe, kaka.

Mdogo wako, Aefje

Leiden, 19 Februari

Mdogo wangu,

Kifua kimepona, ahsante. Tufe la shaba ni bei ya nyumba! Profesa wetu, anayefundisha kwa Kilatini, hutuonyesha lake kwa mbali, kama mchumba wa mtu. Wapima ardhi, wanaosomeshwa kwa Kiholanzi chetu, huchonga mizizi ya tanipu iwe tufe na kucheka. Nawe unakaa jirani na Edam, penye jibini duara kama kichwa cha mtoto, halafu unalilia tufe? Aibu! Nakutumia uzi. Ukaze.

Kaka yako

Hoorn, 9 Aprili

Kaka mpenzi,

Pasaka ilikuwaje huko? Kwetu ni kicheko. Nilichora latitudo kwenye jibini kwa mkaa. Barent akakaza uzi kati ya bandari zake. Uzi ukauacha mstari, ukapinda kaskazini. "Kumbe miaka yote nazunguka!"

Mtihanini wenzake walifaulu, akabaki yeye. Swali likawa lile lile. Akafumba macho, vidole vikivuta uzi usiokuwepo.

"Pinda kaskazini, bwana."

"Nani kakufundisha?"

"Mama Trijn. Na jibini."

Mtahini akataka kuiona. Nikaileta, Trijn kiunoni. Akaichunguza, akakata ncha ya kaskazini, akala.

"Mlango ubaki wazi," akasema, mdomo umejaa.

Dunia iliyobaki wameimaliza mabaharia. Wanafunzi sasa kumi na wawili! Basi nahitaji: uzi mwekundu, bikari mbili, jedwali jipya la jua, na mjomba mmoja wa kumbeba Trijn ninapofundisha.

Mdogo wako, Aefje