Kengele ya Kabati la Nne

Jumatatu, 4 Machi
Wanafunzi arobaini wa kuongoza makumbusho leo! Koo limekauka. Mikuki waliipita bila kugeuza shingo, basi nikawapeleka kwenye kengele yangu, kabati la nne. Eti ni ya mkunga aliyekwenda akiiliza njia nzima, watu wampishe, mtoto asizaliwe kabla hajafika. Hata mwalimu wao alifuta machozi. Mtunza ghala akaniuliza kwa dhihaka: Profesa, hiyo umeisoma wapi? Nikamwambia asinichimbe. Sijaisoma popote. Kibao chake cha maelezo kilipotea tulipopaka rangi kuta, na kushuka ghalani kutazama daftari la vitu niliona uvivu. Mwaka wa pili huu naisimulia.

Jumatano, 6 Machi
Amekuja bibi mmoja, peke yake. Nikasimulia na mbwembwe zote. Akaomba aishike. Hairuhusiwi — nikafungua. Alivyoniangalia! Akapitisha kidole ukingoni, akakuta pengo. Akasema hili nimelitia mimi, niliiangusha nikiwa na miaka mitano, mwaka ule mama alipochukuliwa. Shangazi zake walimwambia mengine, hakuyataja. Ila anakumbuka watu wakiwapisha njiani. Akaniuliza: kumbe ndiyo maana, mwanangu? Mama alikuwa mkunga?
Nikasema ndiyo, bibi. Ndiyo! Ulimi wangu huu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshuka ghalani hatimaye. Daftari lina mstari mmoja: kengele ya mgonjwa wa ukoma, alilazimishwa kuivaa ili watu wamkwepe. Alifia kambini. Aliacha binti mmoja.
Mtunza ghala akalifunga daftari, akalirudisha rafuni. Afadhali angenicheka. Masikio yameniwaka moto kwa aibu mpaka jioni.
Mapokezi wananiambia bibi amepiga simu. Jumamosi analeta ukoo mzima.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeandika maneno ya kumwambia, nimeyachana. Nikisema, namwaibisha mbele ya wajukuu. Nikinyamaza, yule mama alivaa kengele ile na hakuna atakayejua alitendwa nini. Na yote kwa sababu ya ngazi kumi na mbili za ghala!

Jumamosi, 9 Machi
Naandika chooni, mlango nimeukomea. Wamekuja kumi na saba! Wamependeza, na kamera shingoni. Yuko kitukuu wa siku tisa — wamempa jina la yule mama. Bibi anasema jina hilo halijatamkwa nyumbani kwao miaka sitini. Aliona haya hata kuwaambia wanawe kwamba aliwahi kuwa na mama.
Nilijaribu. Nikasema bibi, tuzungumze kando kidogo. Akanishika mkono: sema papa hapa, mwanangu, wote wasikie. Nikasingizia tumbo. Mtu mzima mimi!
Mtunza ghala anagonga. Anasema toka, bibi amechoka kungoja, ameanza kusimulia mwenyewe. Namsikia hadi huku. Mbwembwe zangu zote zimo, hakuacha hata moja.
Kabati nililiacha wazi. Sasa anaipiga kengele, anatembea nayo ukumbini — na wajukuu wanacheka, wanampisha njia.