Kwa Baba Dorcas, uliyecheza mechi za kufuzu kwa mdomo

Baba Dorcas,

Sikuulizi habari, maana habari zako zinatufikia zenyewe kwenye simu. Jumapili Dorcas alitoka chumbani kwake Ixelles, hapahapa Brussels, akaja kukaa na babu yake, koko kama anavyomwita, kwenye kochi, akamwonyesha ile video yako ya televisheni ya Kinshasa. Ulivaa koti la bluu, shingo imenenepa. Mtangazaji alikuita "mwana wa nguli", nawe ukaitikia kwa kichwa polepole kama askofu. Halafu ukaanza: Lusaka, mechi za kufuzu Kombe la Dunia, wakati nchi ingali Zaire. "Tulipofika Lusaka," ulisema. Tulipofika! Wewe na nani? Wakati ule hata mimba yako ilikuwa haijatungwa.

Umesema mbele ya watu wote, kwa hiyo na mimi nakujibu mbele ya watu wote. Papa, baba yako mwenyewe, ameniruhusu. Alisema: "Andika. Lakini sema nilikuwa beki."

Basi nasema: alikuwa beki. Na mimi nilisikilizia jikoni, kama nilivyosikiliza mpira maisha yangu yote ya ndoa. Wasomaji ambao si wa kwetu wajue: kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni, hali naye sahani moja, hamgusi. Tunaita bukwe. Si chuki, ni heshima, na niliishika tangu harusi yetu Lubumbashi hadi kwenye nyumba hii ya Schaerbeek ambayo kolidoo yake ni nyembamba kiasi kwamba Papa akitaka kupita anakohoa kwanza ili nirudi jikoni. Miaka yote hiyo Papa alikaa saluni, yaani sebuleni, kusimulia, mimi nikakaa na masufuria, mlango wazi kidogo. Ndiyo maana mechi zile nazijua kuliko wewe. Wewe ulikuwa unaongea juu yake, mimi nilikuwa nasikiliza.

Unakumbuka siku ulipokuja kunichumbia? Mama yangu aliuliza unafanya kazi gani, ukamjibu kwa habari za Lusaka. Mama mzima akasahau swali lake. Na mimi, mjinga, niliona nimepata mwanamume wa ukoo wa mashujaa. Tulipofika Brussels ukaendelea. Katika kila mgahawa wa Matonge, mtaa wa Wakongo wa hapa, ulikuwa na meza ambapo mtu alikununulia bia kwa ajili ya miguu ya baba yako. Lakini siku ile watu wa Katanga walipocheza na watu wa Kivu kule kwenye majani ya parki, wakakuita beki wa kati, eti damu haipotei, mpira ulipokuja ukageuza mgongo na kujifunika kichwa. Wa Kivu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikupangusa majani kwenye kaptula, nikakwambia jua lilikuwa machoni mwako. Hapakuwa na jua, Baba Dorcas. Nilikupenda tu, na kupenda kunamfanya mtu aseme upuuzi.

Turudi kwenye video. Papa aliisogeza simu karibu na macho. Ulipofika kwenye goli, eti baba yako alifunga goli la kichwa, uwanja ukanyamaza, halafu akakataa kwenda Ujerumani kwenye Kombe lenyewe kwa sababu ya msimamo wake, nikasikia anamuuliza Dorcas:

"Huyu anasema juu ya baba ya nani?"

"Si wewe, koko?"

"Miye? Niliingia juu ya vile mwenzangu aliumia mguu. Sikufunga goli hata moja. Na Ujerumani sikukataa, hawakuniita. Nilisikiliza kwa radio na koko yako mwanamuke, nikalia. Alafu njo vile, nilicheza zile za kufuzu, inatosha."

Inatosha, amesema. Mtu aliyefungua mlango wakapita wengine, halafu dunia ikakumbuka tu jinsi wale wengine walivyofungwa magoli kule Ujerumani, yeye anasema inatosha. Wewe haikukutosha. Ulimpa goli ambalo hakulitaka ili wewe upate kiti kwenye televisheni. Aibu gani hiyo, kumwongezea mzee sifa za uongo wakati za kweli zipo na hazijawahi kuchakaa!

Sasa nikwambie mambo ambayo mtangazaji wako hakukuuliza.

Unajua kuwa tangu kiharusi cha baridi iliyopita Papa hawezi kujiogesha. Nilikupigia siku ileile. Ulisema, "Chérie, nakuja, naweka tu mambo sawa." Ukasema Pasaka. Pasaka ikapita, ukasema mambo ya viza, wewe mwenye pasipoti ya Ubelgiji! Mama mmoja wa Kinshasa akapokea simu yako asubuhi na sauti ya usingizi, nikaelewa mambo yenyewe ni yapi. Bon. Hayo nimeyalia, yamekwisha. Lakini Papa alikuwa anakungoja. Kwake yeye, mwili wa mzee unaogeshwa na mtoto wake, basi. Walimleta muuguzi, msichana mpole, Papa akamfungia mlango wa bafu kwa ndani. Wakamleta mwanamume, Mflamandi wa hapahapa Ubelgiji, mkubwa mwenye mikono ya upole, Papa akamwambia kwa Kifaransa chake kizuri kabisa, "Merci, monsieur, mwanangu yuko njiani."

Uko njiani! Nilikaa jikoni nikasikia anakusetiri hivyo, nikataka kuvunja sahani.

Na mimi kazi yangu ni ipi? Nawaogesha wazee wa watu kule Auderghem, kila siku ya Mungu, wazee ambao wengine hawajui jina langu. Nawageuza, nawapaka mafuta, nawaimbia. Kisha napanda tramu kurudi nyumbani, ambako mzee wangu mwenyewe ananuka na siruhusiwi kumgusa hata kiwiko. Aliacha kwenda kanisani. Alisema miguu inauma. Haikuwa miguu, Baba Dorcas. Alikuwa anajisikia harufu yake.

Maman Odette wa ghorofa ya chini ndiye aliyesema lisilosemwa. Alikuja na supu, akavuta pua, akaniambia kolidooni: "Furaha, bukwe inatolewaka. Papa akupe kuku mbele ya muntu, haya inaisha." Mimi nilidhani Papa atamfukuza. Badala yake akasema mleteni kuku.

Nikaenda mbio dukani nikarudi na kuku wa friji. Usicheke. Nilikuwa na haraka, na hapa Schaerbeek kuku ni ile ya ndani ya plastiki. Papa aliigonga kwa kidole, ikalia ko-ko kama jiwe.

"Hii imeshakufa," akasema. "Itashuhudia nini?"

Maman Odette akaenda kwa mkulima mmoja nje ya mji, akarudi na kuku mzima ndani ya mfuko wa soko, kichwa nje, abiria wa tramu wote wanampiga picha. Papa akavaa shati jeupe. Nilitoka jikoni. Ndiyo mara ya kwanza nilisimama mbele yake saluni nikainua macho, na niliona ana macho yako, jambo lililonikasirisha. Akaninyooshea kuku kwa mkono wake ulio mzima. Kuku akapiga mabawa, manyoya yakaanguka kwenye shati.

"Maman Odette, unaona?"

"Ninaona, papa."

"Tangu leo huyu si mukwe wangu. Ni mutoto wangu, sawa vile nilimuzaa miye mwenyewe."

Nikampokea kuku kwa mikono miwili. Nililia, sikujificha. Halafu nikafungulia maji ya moto.

Nitakueleza jinsi anavyooga, kwa sababu ni haki yako kujua ulichokikosa. Anafumba macho. Na mara ninapogusa mgongo wake kwa sabuni anaanza kutangaza mpira, kama redio, kwa sauti ya ujana: nani anatoa pasi, nani anateleza, uwanja wa Lusaka unapiga kelele, mwenzake anaumia, kocha anageuka kwenye benchi, anamwonyesha yeye kidole. Mechi inaendelea mpaka nimalize miguu. Kwenye paja la kushoto ana kovu la njumu la siku ile. Wewe umelisimulia Kinshasa nzima ukasema liko kwenye la kulia. Nimekwisha kuliosha mara nyingi, najua lilipo. Na tangu hapo amerudi kanisani, ananukia, wamama wanamsogelea kumsalimia naye anafurahi kama kijana.

Jana ukapiga simu. Hukuuliza anaendeleaje. Ulisema unakuja na watu wa televisheni kumpiga Papa picha, nimtafutie jezi ya zamani, yeye aseme maneno machache juu ya lile goli, na mimi nitayarishe chumba chetu. Chumba chetu! Ulisema hivyo kwa sauti ile ya zamani, ile iliyomsahaulisha mama swali lake, na nakiri kwamba moyo ulishtuka. Nikamfikishia Papa ujumbe wote. Maman Odette alikuwepo, anafuma.

Papa akasema: "Aje. Ni mutoto wangu, sitamufukuza. Picha hapana. Goli hapana."

Maman Odette, unamjua mdomo wake, akauliza: "Na kulala, papa? Bwana na bibi yake?"

Mzee akaniangalia usoni, bila haya, kama baba anavyomwangalia binti yake.

"Bwana gani? Hawa wote wawili ni watoto wangu. Tangu lini kaka na dada wanalalaka kitanda kimoja?"

Kwa hiyo njoo salama. Kochi nitakutandikia. Asubuhi, kabla hujanywa chai, maji ya Papa yatakuwa yamepashwa, na taulo nitakupa wewe.

Ni mimi, dada yako,
Furaha